Namna ya kuendesha kundi la kupunguza wanga lisivunjike wiki ya tatu

Mtu anayeacha ugali, wali, ndizi na sukari kwa wiki moja hupewa na mizani zawadi ya haraka ambayo baadaye humponza. Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, takriban nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Wanga ukipungua, akiba hutumika, maji hutoka kwa njia ya mkojo, na mtu anaona kilo moja na nusu au mbili zimeondoka kabla hajachoka hata kidogo. Ikifika wiki ya tatu maji yamekwisha, kinachobaki kuondoka ni mafuta, nayo huondoka polepole, nusu kilo kwa wiki au pungufu ya hapo, na ziko wiki ambazo mizani haisogei kabisa. Hapo ndipo wengi ninaowafahamu hapa Moshi walirudi kwenye sahani ya zamani. Mimi mwenyewe nilirudi mara mbili, nikiwa peke yangu, na mara zote mbili hakuna aliyejua kwamba nimeacha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nilianza.

Mara ya tatu tulianza watu saba, na mwongozo huu umetokana na tulivyokosea na tulivyorekebisha. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya kundi si kumfanya mtu asiteleze, kwa kuwa kila mtu atateleza. Kazi yake ni kufupisha muda uliopo kati ya kuteleza na kurudi. Mtu wa peke yake akila maandazi manne Jumatatu hurudi baada ya mwezi, au harudi. Mwenye wenzake anaweza kurudi Jumanne mchana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1961 Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, aliwaita rafiki zake nyumbani kwake akawakiria kwamba hula biskuti kwa siri, nao wakakiri ya kwao. Mikutano hiyo ikaendelea, na mwaka 1963 ikawa kampuni ya Weight Watchers. Mlo wake haukuwa huu wa kupunguza wanga, ila kilichowaleta watu tena wiki iliyofuata kilikuwa kule kukiri.

Hatua ya kwanza: kliniki kabla ya mizani

Hatua hii haina mjadala. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari kwa kiasi cha hatari akipunguza wanga huku dozi ikibaki ileile, kwa hiyo ni lazima azungumze na daktari wake kwanza, iwe ni hospitali ya KCMC, ya Mawenzi au kituo cha afya cha karibu, ili dozi ipangwe upya. Anayetumia dapagliflozini, dawa nyingine ya kisukari, na dawa za jamii yake aulize waziwazi, kwa sababu dawa hizo zikichanganyika na mlo wenye wanga kidogo sana zinaweza kuleta asidi nyingi katika damu hata kama sukari haijapanda sana. Wenye dawa za presha nao wapimwe mara kwa mara, maana presha huweza kushuka uzito unapopungua. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye ugonjwa wa figo na waliowahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula wasijiunge kabla ya kupata ushauri wa mtaalamu. Sisi tuliweka sharti kwamba kila mwanachama aseme siku ya kwanza kama anatumia dawa yoyote ya kila siku na kama ameshamwona daktari, bila kulazimika kutaja ugonjwa wake.

Hatua ya pili: kubalianeni maana ya kupunguza wanga

Hata jina lilitusumbua. Bibi mmoja jirani aliposikia kwamba kila Jumamosi tunakutana kupambana na wanga, alidhani ni maombi ya kuwafukuza wale wa usiku, akauliza kama anaweza kuleta mjukuu wake. Tulimweleza, tukacheka naye, lakini baadaye tuligundua kwamba hata sisi wenyewe hatukuwa na maana moja. Mmoja aliacha sukari tu. Mwingine aliacha kila kitu isipokuwa nyama na mayai, na siku ya nne alikuwa kitandani na kichwa kinamgonga.

Wataalamu wengi huita mlo wa wanga kidogo ule wenye pungufu ya gramu 130 za wanga kwa siku, na ule mkali zaidi, unaoitwa keto, huwa kati ya gramu 20 na 50. Ushauri wangu ni kwamba kundi jipya lianze karibu na gramu 100 hadi 130, kwa kuwa kundi linaloanza na masharti makali humpoteza mwanachama wa kwanza ndani ya siku kumi, na anayeondoka wa kwanza huwafungulia wengine mlango.

Gramu hizo zitafsirini katika vyombo vya nyumbani, kwa sababu hakuna atakayepima chakula kila siku. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga gramu 75 hivi, na ugali wa mtu mmoja mwenye njaa humaliza gramu 150 za unga bila shida, yaani bajeti yote ya siku imekwenda katika mlo mmoja. Kikombe cha wali ulioiva kina gramu 45 hivi. Chapati moja ya mgahawani ina kati ya 30 na 50, kutegemea mkono wa mpishi. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, idadi inayoonekana ndogo hadi umkute mtu wa vijiko vitatu na vikombe vinne kwa siku.

Kwetu Kilimanjaro mtego mkubwa ni mtori. Kwa kuwa hunywewa kwa kijiko bakulini, mtu huuhesabu kama supu, wakati kinachoufanya uwe mzito ni ndizi zilizopondwa, na ndizi mbichi iliyochemshwa ina wanga wa robo ya uzito wake au zaidi kidogo. Machalari na kiburu, vyakula vyetu vingine vya ndizi, ni hivyohivyo. Hatukuvipiga marufuku, tulikubaliana kwamba bakuli la mtori ndilo wanga wa siku hiyo, na chai ya jioni inakuwa bila sukari wala kitafunwa. Ugomvi wetu mrefu ulikuwa juu ya maharage, ambayo yana wanga lakini pia yana nyuzinyuzi nyingi na protini. Tuliyaruhusu, upawa mmoja, na sijaona sababu ya kujutia uamuzi huo.

Hatua ya tatu: chagueni watu, siku na kanuni chache

Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakiwa watatu, mmoja akisafiri kundi limekufa. Wakizidi kumi, wapo watakaojificha nyuma ya wasemaji. Chagueni watu mnaokutana nao hata nje ya kikao, wa mtaa mmoja, wa jumuiya moja au wa kazi moja, kwa sababu kukutana sokoni bila kupanga husaidia kuliko ujumbe ishirini wa simu. Wenye ndoa wanaweza kuwa kundi moja, ingawa nimeona mara nyingi kikao kikigeuka kuwa mahali pa kushtakiana juu ya nani alifungua pakiti ya biskuti.

Wengi wetu tumepitia kikoba, kwa hiyo muundo tunao tayari: siku moja isiyobadilika, saa moja isiyobadilika, mwenyekiti wa zamu, na katibu mwenye daftari. Jambo ambalo halifai kuhamishwa kutoka kikoba ni faini ya kushindwa. Sisi tuliijaribu. Kila aliyeongezeka uzito alilipa shilingi 1,000, na fedha zilikusudiwa kununua mizani bora. Wiki ya tano mama mmoja anayeuza vitenge alipigiwa simu akasema ana wageni. Wiki ya sita akasema anaumwa. Wiki ya saba nikamkuta dukani kwake, mzima, akaniambia bila kuzunguka kwamba hawezi kulipa watu wamwambie amenenepa. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo faini ni ya kutokuja bila taarifa, na anayekuja na habari mbaya halipi chochote, bali huanza yeye kuzungumza.

Hatua ya nne: kikao chenyewe

Sisi hukutana Jumamosi saa kumi jioni, uani kwa mmoja wetu kule Pasua, kwa saa moja na si zaidi. Chai ipo, ya tangawizi au mchaichai, bila sukari mezani, maana sukari ikiwa mezani mkono huenda wenyewe.

Kikao huanza na duru ya kwanza, ambapo kila mmoja husema alipoteleza. Hataji dhambi zote za wiki. Hutaja moja, kwa maelezo kamili: ilikuwa saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa na nani, alikuwa amekula nini kabla ya hapo. Maelezo hayo ndiyo yenye faida. Kijana mmoja wa bodaboda alisema wiki tatu mfululizo kwamba alishindwa na chapati, na kila mara tulimwambia ajikaze, ushauri ambao haumsaidii mtu yeyote. Wiki ya nne mtu akamuuliza alikula nini asubuhi hizo. Hakuwa amekula kitu. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kukaa kijiweni hadi saa nne, na jirani na kijiwe kuna mama anayekaanga chapati, ambazo harufu yake inamfikia kabla ya abiria. Alianza kubeba mayai matatu ya kuchemsha na kipande cha parachichi ndani ya kopo, na suala la chapati halikurudi tena daftarini isipokuwa mara mbili.

Duru ya pili ni ya kilichofaulu, nayo huwa fupi. Duru ya tatu ni ya vipimo. Hapa nashauri kiuno kitangulie uzito, kwa futi ya fundi cherehani inayozungushwa usawa wa kitovu, mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, mara moja kila wiki mbili. Kiuno hupungua hata katika wiki ambazo mizani imegoma, na kwa mwanachama wa wiki ya tatu sentimita mbili zilizoonekana kwa macho zina uzito kuliko hotuba. Mizani iwe chumbani, mtu apande peke yake, aandike mwenyewe kwenye daftari lake. Asitangaze asipotaka.

Mizani isiwe ya kushindanisha watu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta, wote wakihudhuria vikao vya mafunzo kwa makundi. Wastani wa kupungua ulikaribiana, kilo 6 kwa wa wanga na kilo 5.3 kwa wa mafuta, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa mno: wapo waliopungua zaidi ya kilo 20 na wapo walioongezeka, kwa mlo uleule. Niliposoma matokeo hayo kikaoni, dada mmoja aliyekuwa amepungua kilo 2 kwa miezi miwili huku shemeji yake akipungua 7, alishusha pumzi. Ni vizuri pia wanachama wajue kwamba mlo huu si muujiza unaoshinda milo mingine yote. Unafaa kwa anayeweza kuuishi.

Jambo la mwisho la kikao ni kufanya mazoezi ya majibu. Huku kwetu kunenepa ni dalili ya neema, na mtu akipungua anaulizwa kama anaumwa, au kama kuna tatizo nyumbani, na wengine hawaulizi bali wanaanza kumtazama kwa huruma. Nimeona mtu akiacha mlo uliokuwa unamsaidia kwa sababu tu mama mkwe alilia alipomwona. Tayarisheni jibu fupi ambalo kila mmoja ataliweza: “Niko salama, mama, ni ushauri wa daktari juu ya sukari, na presha yangu imekuwa nzuri.” Lisemeni kwa sauti, hata kama mnacheka. Lilivyo jepesi kikaoni silo litakavyokuwa mbele ya shangazi wanne.

Hatua ya tano: sokoni na jikoni

Nunueni pamoja mara moja kwa wiki au wiki mbili. Mbuyuni unaweza kupata dagaa, mnafu, mchicha, figiri, nyanya chungu, bilinganya, bamia na kabichi katika mzunguko mmoja, na trei ya mayai 30 ikigawanywa kwa watu watatu haimwumizi mtu mmoja. Dhana kwamba mlo huu ni wa wenye fedha hutokana na kufikiria nyama kila siku. Dagaa, mayai, maini na parachichi ndivyo vilivyotubeba. Parachichi, ambalo mkoa wetu haulikosi, lina wanga wa gramu 8 au 9 katika kila gramu 100, na sehemu kubwa ya hizo ni nyuzinyuzi.

Msipike sufuria mbili nyumbani. Mboga na kitoweo viwe vya wote, viongezwe kidogo, na ugali au wali upikwe kwa ajili ya familia. Wewe unajaza mboga nusu ya sahani, kitoweo robo, na wanga unaobaki katika hesabu yako. Watoto hawahusiki na mlo wako. Siku za kwanza kichwa kikiuma na mwili ukilegea, maji ya kutosha na kikombe cha supu yenye chumvi kidogo husaidia wengi, isipokuwa mwenye presha, ambaye suala la chumvi alipate kwa daktari.

Hatua ya sita: sherehe, msiba na Desemba

Kila mwanachama awe na mwenza mmoja ndani ya kundi, na kanuni ni moja: ukila nje ya mpango, mwenza wako ajue kabla hujalala, kwa ujumbe wa mstari mmoja, naye ajibu kwa swali moja tu, yaani mlo wako unaofuata ni upi. Asikupe pole, asikusute, asikutumie video za watu waliofanikiwa. Ukijibu “mayai na mchicha saa mbili,” umesharudi.

Harusini mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, haina wanga na hakuna anayehesabu pilau kwenye sahani ya mwenzake. Tatizo huwa soda, ambayo huwekwa mbele yako imeshafunguliwa. Omba maji mapema, wahudumu wakiwa bado wanapita. Msibani nashauri tofauti. Ukipewa makande, kula kiasi, shukuru, na usianze kueleza habari za wanga mbele ya wafiwa.

Desemba ndiyo inayovunja makundi. Watu wanapanda Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, kila nyumba ina mtungi, na mbege ni ndizi na ulezi, yaani wanga juu ya wanga, pamoja na pombe. Kuikataa kata ya mbege unayopewa na mzee si jambo dogo, na sitamshauri mtu akosane na ukoo wake kwa ajili ya kiuno. Mwaka wa kwanza tulijidanganya kwamba tutashikilia masharti yote. Tuliporudi mjini Januari, watu wanne kati ya saba hawakupokea simu za katibu. Mwaka uliofuata tuliamua mapema, kikao cha kwanza cha Desemba, kwamba kuanzia tarehe 23 hadi 27 hakuna kuhesabu chochote, isipokuwa mambo mawili: hakuna soda, na kila asubuhi mtu atembee nusu saa kabla ya kifungua kinywa, jambo ambalo kwa milima yetu ni kazi ya kutosha. Kikao cha tarehe 28 kilipangwa kabla ya safari, na aliyebaki mjini ndiye aliyekuwa mwenyeji. Walikuja sita. Wote walikuwa wameongezeka, na kwa kuwa wote walikuwa wameongezeka hakuna aliyeona haya.

Hatua ya saba: lindeni kundi, kisha lifungeni

Kikundi chochote cha kupunguza uzito humvutia muuzaji. Atakuja kama mgeni wa mwanachama, ataleta chai ya kukata tumbo au unga wa kopo, na kikao cha pili atakuwa anaandikisha wateja. Wekeni tangu mwanzo kanuni kwamba hakuna biashara ndani ya kikao, na mgeni asiyekuja kupunguza wanga haji. Vilevile asiwepo wa kumshauri mwenzake apunguze au aache dawa, hata kama sukari yake imekuwa nzuri kwa miezi mitatu. Anayebadilisha dozi ni daktari.

Mwisho, kundi liwe na tarehe ya kufungwa. Wiki 12 ni muda mzuri. Siku hiyo kila mmoja anasema kama anaendelea au anapumzika, na anayepumzika anaagwa vizuri, chai ikiwa mezani, ili akitaka kurudi mzunguko ujao asihitaji kujieleza. Kundi lisilo na mwisho humlazimisha anayechoka atoroke, na aliyetoroka huona aibu kurudi. Yule mama wa vitenge alipumzika mzunguko wa pili na akarudi wa tatu. Sasa yeye ndiye katibu, na mizani, ambayo hatimaye tuliinunua kwa mchango wa kawaida, inakaa dukani kwake chini ya meza, ikiwa imefunikwa kwa khanga.